Majina ya Basi: Historia ya Njia ya Kimara, Dar es Salaam

Njia ya basi inayoanzia Kivukoni, ukingoni mwa bandari ya Dar es Salaam, na kukoma Kimara, upande wa magharibi ya mji, haizidi sana kilomita 15. Hufuata Barabara ya Morogoro karibu kwa urefu wake wote: huacha maofisi na maduka ya katikati ya mji, hupita ubavuni mwa Kariakoo, huteremka katika bonde la Mto Msimbazi pale Jangwani, hupanda Magomeni, kisha huendelea Manzese, Urafiki na Ubungo mpaka Kimara. Tangu mwaka 1949 njia hiyo imepitiwa na magari ya namna nyingi na ya wenyewe wengi: kampuni ya kigeni, shirika la umma, watu binafsi, na baadaye wakala wa serikali pamoja na kampuni ya uendeshaji. Kila mwenye mabasi aliyapa jina lake rasmi. Abiria nao waliyapa majina yao.

Majina hayo ya namna mbili hayafanani hata kidogo. Yale rasmi, kama vile DMT, UDA na DART, ni herufi tu, nazo hueleza mwenye mali. Yale ya abiria, kama vile thumni, chai maharage, kumbakumba, daladala, kipanya na mwendokasi, hayamtaji mwenye mali hata mara moja. Hutaja bei, au kiti, au msongamano, au mwendo. Yaani hutaja kile ambacho abiria alikitoa au alikitumaini ili afike aendako. Atakaye kujua mabasi yalikuwa ya nani na asome zile herufi. Atakaye kujua mabasi hayo yalimgharimu abiria kitu gani hana budi kuyasoma majina ya pili, kwa kuwa majalada ya makampuni husema mengi juu ya injini na nauli, wala hayasemi neno juu ya mama aliyeamka saa 10 alfajiri ili awahi soko.

Yafaa mji wenyewe utangulie kujulikana. Dar es Salaam ilianza kujengwa katika miaka ya 1860 kwa amri ya Sultani Majid bin Said wa Unguja. Ikawa makao makuu ya utawala wa Wajerumani mwaka 1891, kisha ya Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliugawa mji katika kanda tatu: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati penye maduka, na Waafrika upande wa magharibi. Baina ya kanda ya pili na ya tatu pakaachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, nao ukawa mpaka ijapokuwa haukuwa na ukuta. Mtaa mkuu wa Waafrika uliitwa Kariakoo, jina lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi waliopiga kambi hapo wakati wa vita. Hivyo tangu mwanzo mtaa huo uliitwa kwa jina la watu waliobebeshwa mizigo ya wengine, wakaenda nayo kwa miguu.

Maadamu mtu alikaa Kariakoo, miguu ilimtosha. Aliweza kwenda bandarini, sokoni au nyumbani kwa bwana wake asubuhi na kurudi jioni pasipo kumlipa mtu. Mambo yalibadilika baada ya Vita Kuu ya Pili. Sensa ya mwaka 1948 ilihesabu mjini watu wasiotimia 70,000; ile ya mwaka 1957 ilihesabu 128,742. Kariakoo na Ilala hazikuwatosha tena. Mwaka 1949 wataalamu wa kampuni ya Sir Alexander Gibb walitoa mpango wa upanuzi wa mji, na katika miaka ya 1950 nyumba na viwanja vya Waafrika viliongezwa huko Magomeni, ng'ambo ya bonde la Msimbazi. Magomeni si mbali kwa anayeitazama katika ramani. Lakini bonde lile ni pana, hujaa maji wakati wa masika, na barabara kuu ya kulivuka upande huo ni moja tu. Hapo ndipo miguu ilipoanza kushindwa, na basi likawa haja wala si anasa. Mwalimu Julius Nyerere naye, baada ya kuacha kazi ya kufundisha huko Pugu mwaka 1955 ili aongoze chama cha TANU, alipata kukaa Magomeni, na nyumba yake imehifadhiwa kuwa makumbusho. Siasa ya kudai uhuru ilikuwa na makazi yake ng'ambo ileile ya bonde ambako wafanyakazi walisubiri basi.

Kampuni iliyoshika kazi ya mabasi ya mji tangu mwaka 1949 ilijulikana kwa herufi zake za Kiingereza, DMT. Ilikuwa mali ya wageni, na katika njia za mji haikuwa na mshindani. Neno basi lenyewe lilitoka Kiingereza, na lilipoingia katika Kiswahili lilikuta neno jingine la sauti ileile limekwisha kukaa siku nyingi: basi la kukomesha maneno, lenye maana ya kwamba imetosha. Lugha imeyavumilia yote mawili, na msemaji huyatofautisha kwa mahali yanapokaa katika sentensi. Zaidi ya neno hilo la kawaida, mabasi ya DMT hayakuacha jina la abiria lililodumu kama yale yaliyofuata. Jambo hilo laweza kufasiriwa kwa njia mbili. Huenda utumishi wa kampuni ulikuwa wa kuvumilika, na kitu kinachovumilika hakiitiwi jina. Au huenda abiria walikuwa wachache, maana mji ulikuwa mdogo bado, na wengi wa watu wake walikwenda kwa miguu au kwa baiskeli. Fasiri zote mbili zaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja: kampuni iliyowahudumia wachache ilikuwa na nafasi ya kuwahudumia vizuri.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, na watu wa mikoani wakazidi kumiminika mjini. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu 272,821. Ile ya mwaka 1978 ilihesabu zaidi ya 800,000 katika mkoa mzima. Barabara ya Morogoro ikawa mojawapo ya mifupa mikubwa ya mwili huo uliokuwa ukikua. Chuo Kikuu kilihamia Mlimani, karibu na Ubungo, mwaka 1964. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza kazi mwaka 1968, nacho kikakipa jina kituo cha basi kilicho mbele yake. Manzese ilijaa nyumba zilizojengwa na wenyewe pasipo kupimiwa viwanja, hata ikawa mtaa mkubwa kuliko yote ya namna hiyo. Katika mradi wa viwanja na huduma ulioanza mwaka 1974 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali iliamua kuzitengenezea nyumba hizo barabara na maji badala ya kuzibomoa. Uamuzi huo ulikuwa wa hekima. Walakini ulikuwa na maana moja isiyoepukika, nayo ni kwamba maelfu ya watu wangekaa Manzese daima, na kila alfajiri wangesimama kando ya Barabara ya Morogoro.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 njia kuu za uchumi zilianza kuwekwa mikononi mwa umma. DMT ilitaifishwa mwaka 1970. Mwaka 1974 kazi zake zikagawanywa: safari za mikoani zikawa za KAMATA, yaani Kampuni ya Mabasi ya Taifa, na safari za mjini zikawa za UDA, yaani Usafiri Dar es Salaam. Mwanafunzi wa lugha hawezi kupita hapa bila kusimama. Kwa mara ya kwanza herufi zilizochorwa ubavuni mwa mabasi ya mji zilikuwa za maneno ya Kiswahili. Neno usafiri, ambalo halimtaji mwenye mali wala kampuni, lilikuwa ahadi ya kwamba basi ni utumishi wa watu wote. Lakini UDA ilizaliwa katika mji usio na baraza lake, kwa kuwa halmashauri za miji zilikuwa zimeondolewa mwaka 1972, wala hazikurudishwa hadi mwaka 1978. Shirika lilikuwa na mabasi ya kupita barabarani. Halikuwa na halmashauri ya kuiuliza habari za mashimo ya barabara hiyo.

Mashaka mengine yalifuata upesi. Bei ya mafuta ilipanda sana mwaka 1973, na tena mwaka 1979. Vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin, vya 1978 na 1979, vilimeza fedha za kigeni, na vipuri vikaadimika. Nauli ilipangwa na serikali ili mfanyakazi wa mshahara mdogo aimudu, na kwa sababu hiyo haikutosha kununua mabasi mapya. Basi lililoharibika liliegeshwa. Lililoegeshwa likanyofolewa vipuri ili jingine litembee. Na kila moja lililopungua barabarani liliwaongezea mzigo yaliyobaki. Katika mabasi ya shirika hilo, yanayokumbukwa kuliko mengine ni yale marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, yenye kiungo katikati, ambayo watu waliyaita kumbakumba. Kukumba ni kusukuma kwa kishindo, na tena ni kuzoa kila kilichopo pasipo kuchagua. Jina hilo lilikuwa na sifa na lawama ndani yake. Basi lile liliwazoa watu wote wa kituo kwa mara moja, jambo ambalo gari jingine lilishindwa. Na waliozolewa walikumbana humo mpaka mwisho wa safari. Lugha huunda neno la namna hii kwa kurudia shina, na kurudia huko huonyesha tendo lisilokoma. Waliokuwa ndani ya basi hilo saa 12 asubuhi hawakuhitaji kamusi ili waelewe.

Penye kituo cha watu mia na basi lisilokuja, hapakosi kutokea mtu mwenye gari. Katika miaka ya 1970 magari ya watu binafsi yalianza kuwachukua abiria pasipo kibali, yakaitwa thumni. Neno hilo asili yake ni la Kiarabu, na maana yake ni sehemu moja ya nane. Katika Kiswahili cha fedha lilikuwa jina la senti 50, yaani nusu shilingi. Gari liliitwa kwa jina la sarafu iliyotoka mfukoni mwa abiria. Pamoja na thumni zilijulikana pia chai maharage, nazo ni gari ndogo za mizigo zilizotiwa mabenchi, abiria wakakaa wakitazamana magoti kwa magoti, kama watu waliokaa mezani katika mgahawa wa chai na maharage. Magari hayo yalikuwa nje ya sheria, na polisi waliyakamata. Lakini yafaa kuangalia ni nani aliyekuwa akivunja sheria hiyo. Hakuwa mwenye gari peke yake; alikuwamo karani, mfuma nguo wa Urafiki na mwuza samaki, ambao wote walitakiwa na sheria nyingine wawepo kazini kwa wakati. Mtu aliyezitii sheria zote mbili hakuwa na njia ya kufika.

Mwaka 1983 wastahili kutazamwa kwa makini. Mwaka huo serikali ilianza msako wa wahujumu uchumi, na sheria ya nguvu kazi ikapitishwa ili kila mtu wa mjini aonyeshe kazi yake halali. Mwaka huohuo serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi yafanye kazi mjini kwa kibali kupitia UDA. Mkono mmoja uliwakamata waliodhaniwa kuficha sabuni na sukari. Mkono wa pili ukawapa ruhusa watu ambao jana yake walikuwa wakikimbizwa na polisi kwa kubeba abiria. Hakuna haja ya kuona ajabu. Serikali ilikuwa imetambua kwamba bila magari hayo mji ungesimama, na kwamba wafanyakazi wake yenyewe wasingefika maofisini.

Nauli ya magari hayo ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 watu waliiita dala. Husimuliwa kwamba makondakta waliinadi nauli kwa sauti, “Dala! Dala!”, nayo gari ikawa daladala. Kwa hiyo, kutoka thumni hadi daladala, majina mawili ya fedha yanaandika historia ya miaka kama 10: katika muda huo bei ya kufika mjini kwa gari la mtu binafsi ilikua mara kumi, kutoka senti 50 hadi shilingi 5. Mchumi atahitaji majedwali ili aonyeshe jambo hilo. Abiria waliliweka katika maneno mawili. Basi la UDA lilitoza pungufu, na aliyekuwa na nauli ya UDA tu aliendelea kulingoja. Tangu hapo kituo kimoja kilikuwa na foleni za namna mbili, ya wenye dala na ya wasio nayo, ijapokuwa wote walisimama pamoja na kunyeshewa na mvua ileile.

Jina hilo lilidumu kuliko fedha iliyolizaa. Shilingi ilishuka thamani mwaka baada ya mwaka, nauli ikapanda hadi makumi na mamia ya shilingi, na sarafu ya dala ikakosa cha kununua. Lakini gari likabaki daladala. Vijana waliozaliwa baadaye walilitumia neno pasipo kujua kwamba ni bei. Ndivyo lilivyo jambo la maneno: maana ya kwanza hufa, na neno huendelea kutembea mjini kama nyumba ambayo mjenzi wake amesahauliwa.

Kuanzia mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa kwa wenye fedha zao za kigeni, na polepole magari yaliyokwisha kutumika Japani yakajaa barabarani. Basi dogo la Toyota HiAce likaitwa kipanya, kwa ngeli ya udogo, kwa jinsi lilivyopenya penye nafasi ndogo katikati ya magari makubwa. Katika miaka ya 1990 njia ya Kimara, kama njia nyingine za mji, ilikuwa karibu yote mikononi mwa daladala, na UDA ikabaki na mabasi machache. Hapo lilizaliwa kundi zima la maneno, na safari hii yaliwahusu waliofanya kazi ndani ya gari. Kondakta akawa konda. Aliyewaita abiria vituoni kwa kupiga bati la gari akawa mpiga debe. Dereva wa kushika zamu ya mwenziwe kwa siku moja, asiye na mkataba wowote, akawa deiwaka, neno lililotoholewa kutoka Kiingereza cha kibarua wa kutwa. Na fedha ambazo dereva alipaswa kumpelekea mwenye gari kila jioni ziliitwa hesabu.

Neno hili la mwisho ndilo ufunguo wa utumishi wote wa daladala. Mwenye gari alitaja hesabu yake, na hesabu hiyo haikujali kama siku ilikuwa ya mvua, ya foleni au ya sikukuu. Dereva na konda walinunua mafuta, wakalipa hesabu, na kilichosalia ndicho kilichokuwa chao. Kwa hiyo walifanya kazi kuanzia kabla ya alfajiri hadi usiku, wakashindana kwa mwendo, wakalijaza gari kupita kiasi, na mara nyingine walikatisha njia kabla ya kufika mwisho ili wageuze upesi. Abiria wa Kimara aliyeshushwa Ubungo alimlaumu konda, na konda alistahili sehemu ya lawama. Lakini aliyeipanga safari hiyo hakuwamo garini. Mwanafunzi wa shule, ambaye nauli yake ilikuwa pungufu kwa amri ya serikali, aliachwa kituoni kwa sababu hiyohiyo: kiti alichokikalia kilikuwa pengo katika hesabu. Serikali iliyompunguzia mtoto nauli haikumlipa mtu yeyote fidia ya punguzo hilo. Ilimwachia konda alilipe, naye konda akamwachia mtoto. Hivyo amri njema ilimfikia mtoto ikiwa mlango uliofungwa.

Karne ya 21 ilileta shauri jipya. Mwaka 2007 uliundwa wakala wa serikali ulioitwa kwa Kiswahili Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, na kwa herufi DART, ambazo ni za maneno ya Kiingereza. Herufi za UDA zilikuwa za Kiswahili. Hizi zilirudi katika lugha ya DMT. Ujenzi wa awamu ya kwanza ulianza mwaka 2012 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: njia za pekee katikati ya Barabara ya Morogoro, vituo vilivyoinuliwa, na matawi ya Morocco na Gerezani, jumla yake kilomita kama 21. Mabasi yalianza kubeba abiria mwezi Mei 2016, na tarehe 25 Januari 2017 Rais John Magufuli aliyazindua rasmi. Yalianza yakiwa 140, na nauli ya njia kuu ilikuwa shilingi 650. Daladala zilizokuwa zikipita njia hiyo hadi katikati ya mji zilihamishiwa njia nyingine. Safari ya Kimara hadi Kivukoni, iliyokuwa ikimalizikia katika foleni ya Magomeni au ya Jangwani, sasa ilipita kando ya foleni hiyo, na abiria aliitazama kutoka dirishani.

Watu hawakusema “mabasi yaendayo haraka”. Jina hilo ni refu, na lina kirejeshi cha kitabuni ambacho mtu mwenye haraka hakitamki. Walisema mwendokasi. Hapa mfuatano wa majina ulikatika, na jambo hilo halijaangaliwa inavyostahili. Thumni na daladala ni bei. Chai maharage ni kiti. Kumbakumba ni msongamano. Yote ni mambo ambayo abiria aliyatoa au aliyavumilia. Mwendokasi ni la kwanza kutaja kitu ambacho abiria alipewa, nacho ni wakati. Kwa mtu wa Kimara wakati si jambo la kufikirika. Ni saa moja zaidi ya usingizi. Ni chakula cha jioni kuliwa pamoja na watoto kabla hawajalala. Ni kufika kazini pasipo kukatwa mshahara. Mji ulikuwa umemrudishia sehemu ya alichokuwa akitozwa kwa kukaa mbali.

Lakini jina linalotaja alichopewa mtu ni deni juu ya aliyempa. Bonde la Msimbazi, ambalo ndilo lililofanya basi liwe haja tangu miaka ya 1950, lilikuwa palepale. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwafanya wakazi wa bondeni wahamishiwe Mabwepande. Hata hivyo karakana ya mabasi mapya ilijengwa Jangwani, katika uwanda uleule wa mafuriko. Masika yalipokuja, maji yaliingia, barabara ikafungwa, na mwaka 2018 mabasi yaliharibiwa na maji hayo. Mwaka 2022 serikali ilipata mkopo mwingine wa Benki ya Dunia kwa ajili ya kulitengeneza bonde, pamoja na daraja refu zaidi la Jangwani. Tena mabasi 140 hayakuwa na wa kuyaongeza kwa kadiri watu walivyoongezeka. Yaliyochakaa yalipungua, na foleni zikarefuka katika kituo cha Kimara asubuhi. Abiria aliyesimama humo alikuwa akingoja mwendokasi kwa muda mrefu, na lugha yenyewe ilimpa lawama yake tayari: hakuhitaji kutunga neno jipya la dhihaka, maana kusema tu “ninangoja mwendokasi” kulitosha.

Yaweza kusemwa kwamba majina ya utani si ushahidi wa kutegemewa, kwa kuwa mji hupenda mzaha, na malalamiko hupiga kelele kuliko shukrani. Hoja hiyo ina uzito. Mabasi ya UDA yaliyofika kwa wakati, nayo yalikuwapo, hayakupewa jina; wala madereva wa daladala walioendesha kwa adabu miaka 20 hawakuacha neno katika Kiswahili. Majina, basi, hayawezi kupima utumishi wote wa njia hii. Kinachoweza kupimwa kwa majina ni mahali palipouma. Na mahali hapo hapakuwa pamoja siku zote: kwanza palikuwa msongamano na nauli, kisha kiti, kisha kazi ya watu waliomo garini, na mwisho wakati. Takwimu za mabasi na abiria haziwezi kuonyesha uhamaji huo, kwa sababu kila idara ilihesabu kile tu ilichokuwa na wajibu nacho.

Kuna sababu nyingine ya kuyashika maneno haya mapema. Mwenye kampuni huacha majalada, na serikali huacha sheria zake. Konda, mpiga debe na deiwaka hawakuacha karatasi, na mama aliyeamka saa 10 alfajiri hakuacha kitabu cha matumizi. Walichoacha ni maneno, nayo hubadilika upesi: thumni limekwisha kuwa neno la kuelezwa kwa wanafunzi, na chai maharage linakumbukwa na wazee. Wengi wa waliopanda magari hayo wangali hai, Magomeni, Manzese na Kimara, na wanajua nani alikaa kiti gani, na kwa nauli ipi. Mtafiti atakayekwenda kuwauliza hatahitaji kusafiri mbali na Chuo Kikuu. Kutoka Mlimani hadi Barabara ya Morogoro ni kituo kimoja au viwili vya basi.